Giza la ziwani linakwenda na kurudi. Je, ulimwengu nao unarudi?

Binti wa Igombe (Jumanne, saa 3 usiku)

Habari za usiku wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mkaushaji na muuzaji wa dagaa hapa Igombe, Mwanza. Swali ninaloleta ni la baba yangu, na nimemwahidi nitalifikisha kwa watu wenye elimu hiyo.

Baba amevua dagaa miaka thelathini na ushee. Alikuwa mtu wa taa. Kazi yake ilikuwa kuwasha karabai, zile taa za mafuta za kupigwa upepo, kuziweka juu ya maelea, kuzitawanya majini na kuzilinda usiku kucha huku wenzake wakisubiri dagaa wakusanyike. Siku hizi magoti yamekataa boti, lakini kila jioni ya giza namtolea kiti nje, anakaa kutazama taa za watu ziwani. Kwa asiyejua kazi yetu: sisi tunahesabu mwezi kwa giza na mbalamwezi. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, boti zinapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu na kudaiana. Mwezi ukiisha giza linaingia, na mwalo wote unaamka.

Wiki iliyopita tulikuwa tunasikiliza redio. Mtangazaji akasema kuna kitu wanasayansi wanakiita nishati ya giza, kinachofanya ulimwengu utanuke kwa kasi inayozidi kuongezeka, na kwamba vipimo vipya vinaonyesha huenda kinapungua nguvu. Akaongeza kuwa wapo wanaosema ulimwengu utakuja kujikunja, urudi ulikotoka, kisha uanze upya. Hapo hapo yakaingia matangazo ya vifo na mada ikaishia hapo.

Baba alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza mambo mawili. La kwanza: "Wanapimaje umbali wa kitu wasichokifikia? Mimi nilikuwa napima kwa taa, lakini zile taa nilizijua." La pili: "Kama giza linakwenda na kurudi, nani kawaambia ulimwengu hauna mwezi wake?"

Na mimi nina la kwangu. Ukirudi, unarudi ule ule?

Najua kwa nini anauliza. Mama tulimzika mwaka juzi, na tangu hapo maswali yake mengi yamekuwa ya kurudi. Sitaki kumpa jibu la kumfariji tu. Nataka jibu la kweli, hata kama ni refu. Elimu yangu ni kidato cha nne, fizikia niliisoma na niliipenda, kwa hiyo msiogope kuniandikia namba.

Fundi Sola Buzuruga (saa 3:25 usiku)

Dada, poleni kwa msiba, na hongera kwa kumtunza mzee.

Lazima urudi. Jiwe ukilirusha juu linapungua kasi, linasimama, linashuka. Vitu vyote ulimwenguni vinavutana, kwa hiyo mtanuko wenyewe lazima uchoke. Sisi wenye kazi ya betri tunajua hakuna chaji isiyoisha. Mwambie mzee yuko sahihi.

Mwalimu wa Fizikia, Nyakato (saa 4:50 usiku)

Fundi, hoja yako ya jiwe ndiyo waliyokuwa nayo karibu wataalamu wote mpaka mwaka 1998. Kwao kupungua kasi lilikuwa jambo la hakika, walichotaka kujua ni kunapungua kiasi gani. Wakapima, wakakuta jiwe linazidi kukimbia kadiri linavyopanda. Lakini dada, niruhusu nianze na swali la kwanza la mzee. Ndilo zito kuliko yote, na nusu ya jibu anayo mwenyewe.

Chukua taa kumi ziwani, karabai za aina moja, zimejazwa mafuta na upepo sawasawa. Mzee anajuaje ipi iko mbali? Kwa kufifia kwake. Na kufifia kuna hesabu: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia jichoni unabaki robo, na ukiwa mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Ukijua taa ina nguvu gani pale ilipo, na ukapima inavyokufikia pale ulipo, umbali umeupata bila kupiga kasia.

Angani karabai hiyo inaitwa supanova ya aina ya Ia. Kuna nyota ndogo iliyokwisha kuungua, ukubwa wake ni kama dunia yetu lakini uzito wake unakaribia wa jua. Ikiwa na nyota mwenzake jirani huweza kumnyonya taratibu, na ikikaribia uzito wa mara 1.4 ya jua, inalipuka yote. Kwa siku kadhaa nyota moja inang'aa kama galaksi nzima, yaani kundi la mabilioni ya nyota. Kwa kuwa zinalipuka zikiwa na uzito unaokaribiana, mng'ao wake nao unakaribiana. Hizo ndizo taa ambazo wanajua zina mafuta kiasi gani.

Timu mbili zilikuwa zikishindana kuzitafuta, moja ya Saul Perlmutter, nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess. Mwaka 1998 zote zikatoa jibu moja: supanova za mbali zilikuwa fifi kuliko ilivyotarajiwa, kwa hiyo ziko mbali zaidi, kwa hiyo mtanuko umekuwa ukiongeza kasi. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2011. Kitu kinachosukuma kikaitwa nishati ya giza. Mwambie mzee jina lisimsumbue. Giza hapa ni la kutokujua kitu chenyewe ni nini.

Sasa shika hili, maana ndipo hadithi ilipo. Katika vyote vilivyomo ulimwenguni, nishati ya giza ni kama asilimia 68. Mata ya giza, ambayo ni kitu kingine kabisa, kisichoonekana ila kinachovuta, ni asilimia 27. Nyota, ziwa, dagaa, wewe na mimi, vyote kwa pamoja ni asilimia 5 tu. Lakini ukiitafuta mahali pamoja ni hafifu mno. Ndani ya sanduku lenye mita moja kila upande, ni sawa na uzito wa atomu nne hivi za haidrojeni. Inashindaje basi? Haichujuki. Mimina ndoo ya maji kwenye beseni, kisha uyahamishie kwenye beseni kubwa zaidi, kina kitapungua. Mata, yaani vitu vyenye uzito, ndivyo ilivyo: ulimwengu ukitanuka, inakuwa chache kwa kila sanduku. Nishati ya giza, kwa hesabu ya Einstein ya mwaka 1917, kina chake hakipungui hata ubadilishe beseni mara ngapi. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Mwanzoni mata ilikuwa imesongamana na mvutano wake ndio uliotawala. Kama miaka bilioni tano au sita iliyopita mata ikawa imechujuka vya kutosha, na hiyo nyingine ikashika usukani.

Swali la pili nitalijibu kesho, nina vipindi asubuhi.

Binti wa Igombe (Jumatano, saa 12 asubuhi)

Mwalimu, shikamoo. Nimemsomea mara mbili. Habari ya beseni ameielewa haraka kuliko mimi. Ameuliza: kama kila kitu kinatanuka, mbona kutoka hapa mpaka Ukerewe ni pale pale tangu ujana wake?

Mwalimu wa Fizikia, Nyakato (saa 7 mchana)

Marahaba dada. Mzee ameuliza wanachouliza wanafunzi wangu bora.

Kilichoshikamana hakitanuki. Dunia imeshikwa na mvutano wake, jua limezishika sayari, galaksi yetu imezishika nyota zake. Hata galaksi jirani, Andromeda, ambayo iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), inatusogelea. Mtanuko unashinda katika nafasi kubwa sana, kati ya makundi ya galaksi. Huko, kila unapoongeza umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26, kasi ya kuachana inaongezeka kwa kama kilomita 70 kwa sekunde.

Andromeda anaweza kuiona. Giza la Novemba, kama saa tatu usiku, mwelekeze kiti chake kaskazini, upande wa ziwa. Ainue macho kama nusu ya njia kwenda utosini. Ataona kama kipande kidogo cha moshi kisichosogea. Mwanga huo uliondoka huko kabla hapajawa na mtu wa kuuona.

Sasa swali la pili. Wazo la ulimwengu wa mizunguko si la redioni tu, lina historia ya heshima. Mwaka 1934 Richard Tolman, Mmarekani, alilikalia akakuta tatizo linaloitwa entropia. Nitalieleza kwa karabai. Mafuta ya taa yakiungua yanakuwa joto na moshi, na joto hilo likishatawanyika ziwani hakuna atakayelikusanya lirudi kuwa mafuta. Tolman alionyesha kuwa ulimwengu ukijikunja na kutanuka tena, unaingia mzunguko mpya na moshi wote wa mzunguko uliopita. Kwa sababu hiyo kila mzunguko unakuwa mrefu kuliko uliotangulia. Rudi nyuma sasa: mizunguko inazidi kuwa mifupi mpaka unafika kwenye mwanzo. Yaani tatizo la mwanzo, ambalo watu walitaka kulikwepa, linakusubiri pale pale.

Mwaka 2002 Paul Steinhardt na Neil Turok wakaja na njia ya kutoka, na cha ajabu ni kwamba nishati ya giza ndiyo inayowaokoa. Katika wazo lao, mtanuko wa kasi tunaouona leo ndio unaofagia nyumba. Unatanua nafasi kwa muda mrefu kiasi kwamba moshi wote wa zamani unatawanyika mpaka kila pembe inabaki karibu tupu. Kisha nishati ya giza inabadilika, inakufa taratibu, mtanuko unasimama, unageuka kuwa mkunjo, na kutoka kwenye mkunjo huo unazaliwa mlipuko mwingine wenye mata mpya na joto jipya. Entropia haifutwi. Imeachwa mbali, nje ya upeo wa macho ya yeyote atakayekuwepo.

Huyo Turok naomba nimtaje kidogo zaidi, mniwie radhi. Ni mzaliwa wa Johannesburg. Wazazi wake walikuwa wapinzani wa ubaguzi wa rangi, na walipokimbia, sehemu ya utoto wake aliishi hapa hapa Tanzania. Mwaka 2003 alianzisha huko Cape Town taasisi ya kuwafundisha hisabati vijana kutoka Afrika nzima. Kila nikifundisha mada hii namtaja, kwa sababu wanafunzi wangu wengi huamini kwamba mambo haya hufikiriwa na watu ambao hawajawahi kutembea kwenye vumbi letu.

Mtu wa Tope (saa 11 jioni)

Mwalimu, nimesoma kwa furaha. Nichangie kidogo kuhusu ziwa, maana dada amelileta yeye mwenyewe.

Miaka ya nyuma nilikuwa kibarua kwenye boti ya watafiti waliokuwa wakichoma mabomba kwenye tope la chini ya ziwa. Bomba likitolewa unalipasua kwa urefu, unasoma tope kama kitabu, ukurasa wa chini ndio wa zamani. Juu ni tope laini, jeusi kijani, linanuka, limejaa masalia ya mimea midogo ya majini. Ukishuka, ghafla unakutana na udongo mgumu wenye mapengo ya mizizi. Hapo palikuwa nchi kavu. Nyasi ziliota pale ambapo leo boti zinapita.

Ndiyo, Ziwa Victoria liliwahi kukauka. Wataalamu wanakadiria ni kati ya miaka 18,000 na 14,000 iliyopita, wakati mvua za ukanda huu zilipokatika. Kisha likajaa tena. Ninachotaka kumwambia mzee ni kwamba halikurudi lile lile. Furu, wale samaki wadogo, wa aina mamia waliokuja kuwemo humu, kwa sehemu kubwa walizaliana na kugawanyika kuwa aina mpya baada ya ziwa kujaa upya. Bonde ni lile lile, mvua ni ya mbingu ile ile, wakazi wapya.

Sidai kuwa hii inathibitisha lolote kuhusu ulimwengu. Ziwa lina mito na mawingu ya kulirudishia maji. Lakini swali la dada, "unarudi ule ule?", mimi nilishalishika kwa mkono wangu kwenye lile bomba.

Msomaji wa Musoma (saa 1 jioni)

Naheshimu sana mchango wa mwalimu, ila kuna jambo linanikera. Tunaambiwa asilimia 95 haijulikani ni nini, halafu wanatuambia itaisha lini na itageuka vipi. Ushahidi wa hiyo mizunguko uko wapi? Ama ni imani nyingine tu yenye hesabu?

Mwalimu wa Fizikia, Nyakato (saa 3:30 usiku)

Ndugu wa Musoma, hilo ni swali la haki na nitalijibu bila kuzunguka. Ushahidi wa moja kwa moja wa mizunguko haupo. Kilichopo ni njia za kuwakamata waongo, na hizo ndizo zinazofanya jambo hili liwe sayansi.

Mfano mmoja. Wazo linalopendwa zaidi kuhusu mwanzo linasema ulimwengu ulifura ghafla katika sehemu ndogo sana ya sekunde, na mengi ya matoleo yake yanatarajia mawimbi ya mvutano yaliyoacha alama kwenye nuru ya kale kabisa. Nuru hiyo bado ipo, imepoa mpaka nyuzi 2.7 tu juu ya baridi ya mwisho. Mzunguko wa Steinhardt na Turok unasema alama hiyo haitaonekana. Mwezi Machi 2014 timu yenye darubini ncha ya kusini ya dunia ikatangaza imeiona. Wengi wakasema mizunguko imekufa. Mwaka 2015, walipounganisha data zao na za Planck, setilaiti iliyoipima nuru hiyo ya kale, ikaonekana alama ile haikuhitaji wimbi lolote kuelezwa. Vumbi la galaksi yetu wenyewe lingetosha.

Sisi wa ziwani tusishangae. Mmewaona wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu kama moshi wa nyasi zinazoungua? Wakipita kati yako na taa, utaapa taa imezima. Kati yetu na mbali daima kuna kitu, na kazi ngumu ya elimu hii ni kukijua kilicho katikati.

Sasa lile la redioni. Kuna chombo kinaitwa DESI, kwenye mlima Kitt Peak huko Arizona, Marekani. Kina nyuzi 5,000 za kioo, kila moja inaelekezwa kwenye galaksi yake na roboti ndogo. Chenyewe hakitumii taa, kinatumia rula. Ulimwengu ulipokuwa mchanga na moto, mawimbi kama ya sauti yalitembea ndani yake. Ulipopoa yakaganda, na kuacha galaksi zikipendelea kidogo kuwa umbali fulani kati yao, ambao leo ni kama miaka ya nuru milioni 500. Ukipima rula hiyo inavyoonekana katika enzi mbalimbali, unapata historia ya mtanuko. Mwezi Machi 2025 walitoa matokeo ya miaka mitatu, kutoka karibu galaksi na kwasa (viini vya galaksi vinavyong'aa mno) milioni 15. Rula hiyo ikichanganywa na nuru ya kale na supanova, hesabu inapendelea nishati ya giza iliyokuwa na nguvu zaidi zamani na inayopungua sasa. Yaani kina cha maji kwenye beseni kinashuka, kinyume na alivyoandika Einstein.

Ila angalieni ukali wa ushahidi. Wanasayansi wana kipimo wanachokiita sigma, na kwa desturi ugunduzi unakubalika ukifika 5. Haya yamefika kati ya 2.8 na 4.2, kutegemea ni orodha ipi ya supanova imetumika. Mmeona? Rula imetulia, ila jibu linapanda na kushuka kwa sababu ya taa. Tumerudi kwa mzee: "zile taa nilizijua."

Na hata nishati ikipungua kweli, kupungua si kugeuka. Mtanuko unaweza kupoteza kasi na bado usisimame milele. Ili ulimwengu ujikunje, hiyo nishati lazima ishuke mpaka chini ya sifuri. Mwaka 2022 Steinhardt, Cosmin Andrei na Anna Ijjas walionyesha kwamba vipimo vya wakati ule havikukataza jambo hilo, na kwamba mkunjo ungeweza kuanza ndani ya miaka milioni 100, muda mfupi mno kwa mambo ya mbinguni. Kutokatazwa si kuthibitishwa. Turok mwenyewe ameshageukia wazo jingine, la ulimwengu wenye pacha wake kama wa kwenye kioo upande wa pili wa mwanzo. Mtu anayeliacha wazo lake mwenyewe bado hai, akiwa mzima na mwenye heshima yake, mimi namwamini zaidi.

Dada, mwambie mzee hivi: nani kawaambia ulimwengu hauna mwezi wake? Hakuna aliyewaambia. Mwezi wa mbinguni tumeuona ukirudi kila siku 29 na nusu, mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Ulimwengu tumeuona mara moja, tena katikati.

Wazee wa pwani wanasema kilimia, kile kikundi cha nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walisema hivyo baada ya kukitazama miaka mingi mfululizo. Sisi bado tunalitazama zamio la kwanza.

Kama mnataka kushika jambo hili kwa mkono, fanyeni kipimo. Pakua kwenye simu programu ya kupima mwanga kwa kipimo cha laksi, nyingi ni za bure. Usiku wa giza weka karabai moja, pima hatua mbili, nne, nane. Niletee namba.

Fundi Sola Buzuruga (saa 4 usiku)

Mwalimu nimejifunza, nafuta jiwe langu. Dada, simu nyingi kipima mwanga kiko juu karibu na kamera ya mbele, usikizibe kwa kidole. Na tumia karabai hizo za zamani kama bado zipo, taa za betri za siku hizi zinamwaga mwanga upande mmoja, zitakudanganya.

Binti wa Igombe (Jumapili, saa 5 usiku)

Wanajukwaa, tumepima.

Baba ana karabai mbili alizokataa kuziuza, zimekaa uvunguni miaka mingi. Jana nilinunua utambi na mafuta, leo jioni akazisafisha mwenyewe, akazipiga upepo mwenyewe, mkono wake bado haujasahau. Mdogo wangu alishika kamba tuliyoipima mita, mimi nikashika simu. Giza limeingia kamili, hakuna mwezi.

Karabai ya kwanza: mita 2, laksi 61. Mita 4, laksi 16. Mita 8, laksi 4. Robo, halafu robo ya robo, kama mwalimu alivyoandika. Niliposoma ile nne nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Karabai ya pili: mita 2, laksi 38. Nikarudia, 38. Nikahangaika, nikadhani simu imeharibika, nikafuta kioo, nikaanza kuhesabu kwamba labda kamba imevutika.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, mbali kama mita thelathini, hajui namba yoyote niliyosoma. Akaita: "Hiyo ya pili iongezeni upepo." Nikamuuliza amejuaje, kwa sababu kutoka pale angeweza kudhani tumeisogeza mbali zaidi. Akasema taa iliyo mbali inafifia ikiwa nyeupe, taa iliyopungukiwa upepo inafifia ikigeuka njano. Umbali haubadilishi rangi ya karabai, upepo unabadilisha. Mdogo wangu akapiga pampu mara kumi na tano. Nikapima: 59.

Mwalimu, je, na zile supanova wanaziangalia rangi?

Mwalimu wa Fizikia, Nyakato (saa 5:40 usiku)

Dada, nimesoma ujumbe wako nimesimama.

Ndiyo. Wanaangalia rangi, na wanaangalia zinavyozima. Supanova zile hazilingani mng'ao kabisa, na hilo lilikuwa linawatesa. Mwaka 1993 Mark Phillips, akiwa kwenye kituo cha darubini huko Chile, alionyesha kuwa zenye mng'ao mkubwa huzima polepole, na zenye mng'ao mdogo huzima haraka. Kwa hiyo hawasomi mwanga wa usiku mmoja. Wanaikalia taa wiki kadhaa, wanaitazama inavyofifia, wanasoma na rangi, ndipo wanajua ilikuwa na upepo kiasi gani. Bila hatua hiyo matokeo ya 1998 yasingepatikana. Na ubishi wa orodha za supanova, ule unaoitoa DESI 2.8 na kuipeleka 4.2, sehemu yake kubwa ni huo huo: taa ipi imefifia kwa umbali, ipi kwa vumbi, ipi kwa upepo.

Mpe mzee shikamoo yangu. Ningependa kuja na wanafunzi wangu wa kidato cha sita giza lijalo, kama ataturuhusu.

Binti wa Igombe (saa 6 usiku)

Nimemsomea. Amesema njooni, ila mfike kabla jua halijazama, maana karabai inataka kuandaliwa ungali unaona.

Kuhusu kurudi, nilimweleza yote: moshi usiorudi kuwa mafuta, furu wapya katika bonde la zamani, zamio la kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza Novemba ni giza la ngapi kuanzia sasa. Nikamhesabia, akasema kiti chake kigeuzwe kaskazini kuanzia kesho, ili macho yazoee.

Boti zimeshatoka. Nahesabu taa ishirini na tatu kutoka hapa nilipo.